Spoku Tatu za Ki Sumbogo

Mwezi uliopita daktari wa meno, mtu mzima mwenye shahada mbili ukutani, alipiga magoti mbele ya spoku za baiskeli.

Aliinama mpaka paji la uso likagusa sakafu.

Spoku zenyewe zilikuwa bado na mafuta ya mbuzi. Najua, kwa sababu mimi ndiye niliyetakiwa kuziosha, nikaona uvivu.

Tulia nikusimulie, kwa heshima zote wanazostahili wahusika. Si nyingi.

Kwetu ni Jejeran, kusini ya Yogyakarta, kisiwani Java. Bibi yangu, Mbah Pairah, ana kibanda cha mishikaki ya mbuzi, na kama wenzake wote wa barabara ile, anaichomea kwenye spoku za baiskeli ili nyama iive mpaka ndani. Mimi ni mjukuu wake, Gandes. Nasoma shule ya bweni huko Magelang, ambako nimefundishwa hesabu, adabu, na namna ya kubadilisha funguo za matroni bila yeye kujua.

Somo la tatu ndilo lililonifaa maishani.

Sasa mjue jirani yetu, Ki Sumbogo.

Hiyo "Ki" alijipa mwenyewe. Ni cheo cha watu wenye hekima na siri za kale. Yeye alikuwa karani wa idara ya mbolea. Alistaafu Ijumaa, Jumatatu akaamka ni Ki.

Ki Sumbogo anakusanya silaha za kale. Nyumbani kwake huoni ukuta. Kuna magobori ya Waholanzi yaliyozibwa midomo na kutu, singe za Wajapani, panga za askari wa kikoloni, na mzinga wa shaba usiozidi papai kwa ukubwa. Halafu kuna keris, yale majambia yetu yenye mawimbi, zimepangwa makabatini kama wanafunzi kwenye foleni ya uji.

Mwenyewe hajawahi kupigana hata na mbu. Mwaka mpya fataki ililipuka karibu na kibaraza chake, akaingia chini ya meza na kofia yake. Niliona kwa macho yangu. Fataki ilikuwa yangu.

Ukimtembelea atakushikisha gobori na kukunong'oneza, "Hili lilimwangusha jemadari wa Kiholanzi."

Mwaka juzi lilikuwa limemwangusha kapteni. Mholanzi wa watu anapandishwa cheo kila mwaka, na yuko kaburini.

Yote hayo ningemsamehe. Mzee akitaka kucheza na vyuma, acheze. Kilichonichefua ni jinsi anavyovipata.

Kwetu keris hainunuliwi dukani kama sufuria. Hutolewa mahari, kama bibi harusi. Na kabla haijakaa na mtu, lazima ijulikane kama inamkubali. Basi huwekwa chini ya mto, mtu akalala, na ndoto ndiyo inayotoa jibu. Ni desturi ya watu wenye subira. Babu yangu aliiheshimu sana.

Ki Sumbogo akaigeuza mtego wa panya.

Anakwenda kwa mjane. Anaomba kuona keris ya marehemu. Anaruka nyuma kama amekanyaga chatu. "Hii ni ya moto, dada yangu." Yaani ina mikosi. Kisha, kwa huruma zake zisizo na kifani, anajitolea kwenda kulala nayo. Kesho yake anarudi na ndoto imejaa damu. Mjane analia. Mjane anambembeleza aiondoe nyumbani kwake. Anaiondoa, kwa mahari ya sukari na majani ya chai.

Mtaa mzima umeingizwa mjini kwa mtindo huo. Mpaka mwalimu wangu wa chekechea.

Halafu ikaja zamu yetu.

Kaka yangu, Mas Jatmika, alikuwa anamuoa Palupi, binti wa Pak Darsana. Bwana harusi wa kwetu huchomeka keris mgongoni, kwenye mshipi, na wanaume wote wa ukoo wetu wameoa na ile ile moja. Inaitwa Kyai Rangsang, Kyai kwa heshima, kama mzee wa nyumba. Babu wa babu yetu aliibeba akiwa askari wa mkuki ikulu. Baba yetu alioa nayo pia.

Baba alipofariki, tuligawa nguo zake, viatu vyake, hata baiskeli yake. Kyai Rangsang alibaki. Kila nikirudi likizo, Mbah huniruhusu kuivuta nusu kutoka kwenye ala yake, niitazame, niirudishe. Ni kama kusalimiana.

Ki Sumbogo alikuwa ameitolea macho tangu babu yu hai. Babu alikuwa anamfukuza kwa ufagio.

Sasa, mwezi ule Mas Jatmika alianguka na pikipiki kwenye mtaro wa mpunga. Hakuumia. Alichubuka kiwiko na fahari yake. Lakini habari ikafika mtaa wa pili, na mchana huo huo Ki akatua kibandani, akaagiza mishikaki ambayo, kama kawaida, hakuwa na nia ya kuilipia.

"Mbakyu Pairah," alisema, nyama mdomoni. Ndivyo anavyomwita, dada mkubwa, kwa sauti ya mtu anayepaka siagi. "Huyu kijana hakuanguka. Ameangushwa."

"Na nani?"

"Na aliyemo kabatini mwako."

Mbah akaacha kupepea moto.

"Niliangushwa na bata, Ki," Mas Jatmika akasema. "Nilikuwa namkwepa bata."

"Na bata huyo alitumwa na nani?"



"Tumwite bata mwenyewe aulizwe," nikasema.

"Gandes!" Mbah akanikata jicho.

Ki akatikisa kichwa. "Shule za siku hizi." Kisha akainama mbele, akashusha sauti, ile sauti yake ya kuuza vitisho. "Akiivaa keris ile, Palupi atakuwa mjane kabla nguo za harusi hazijafuliwa."

Ubaya ni kwamba Pak Darsana, baba wa bibi harusi, alikuwa amekaa benchi la pili akila. Akaiweka spoku yake chini polepole.

"Mbah, unisamehe sana," alisema. "Mimi nina binti mmoja tu. Kama kuna neno juu ya chuma hicho, harusi isubiri mpaka Ki atoe jibu."

Kadi zilikuwa zimeshagawiwa. Mbuzi walikuwa wameshafungwa uani. Mas Jatmika aligeuka rangi kama wali wa jana.

Na Mbah, bibi yangu ambaye huwafokea hata polisi wakipaki mbele ya kibanda, alikuwa anasokota pindo la aproni yake.

"Nitalala nayo," Ki akasema, akijipangusa midomo. "Kesho asubuhi nitapita kuichukua. Iwe ndani ya mfuko wake wa kitambaa, imefungwa kamba. Jumapili nitasimulia mbele ya chama changu, na mfuko hautafunguliwa mpaka nimemaliza. Ukifunguliwa kabla ya hapo, mwenyewe wa ndani huona haya, hasemi kitu."

"Hata wewe hutaufungua, Ki?" niliuliza, kwa adabu yote ya bweni.

"Hasa mimi."

Hasa mimi! Mtu kajichimbia shimo, kapima kina, kaingia, kaomba na ngazi iondolewe.

Asubuhi, Mbah alipokwenda machinjioni, nilifungua kabati. Nilimtoa Kyai Rangsang, nikamwomba radhi kwa sauti, nikamlaza sandukuni mwangu chini ya sare za shule.

Stoo kulikuwa na ala kuukuu iliyotafunwa na mchwa, pamoja na mpini uliovunjika pua. Mpini wa keris huchomoka, yeyote wa kwetu anajua. Nikachukua spoku tatu kwenye beseni la vyombo vichafu, nikazikaza ndani ya mpini kwa kitambaa, nikazitumbukiza kwenye ala. Nikavifunga vyote kwenye mfuko wa Kyai Rangsang, kwa fundo lile lile la babu.

Ki alipofika aliupokea mfuko kwa mikono miwili, akaugusisha kwenye paji la uso.

"Loo," alisema, akifumba macho. "Anawaka."

Nikaingia ndani nikauma taulo.

Jumapili tukaenda wote: Mbah, Mas Jatmika, Pak Darsana na mimi. Chama chenyewe kinaitwa Walezi wa Chuma cha Wahenga. Ni wanaume waliostaafu kazi mbalimbali bila kustaafu kujisifu, wamevaa majaketi meusi ya sherehe yasiyofunga tena matumboni. Mbele kabisa alikaa Daktari Prayit, yule wa meno. Yeye ni mtaalamu wa singe. Hunusa chuma na kukutajia karne.

Mfuko ulikuwa juu ya mto wa hariri. Ubani ulifuka mpaka mtu mmoja akaanza kupiga chafya, akatolewa nje.

Ki akaanza.

"Nilipoweka kichwa tu, radi ilipiga."

Wiki nzima hatukuwa tumeona hata wingu. Endelea, mzee.

"Akatokea mtu mrefu, mweusi, ndevu mpaka magotini, macho kama makaa. Akasema, 'Mimi ndimi Rangsang.' Nikamwambia, shikamoo. Akasema, 'Nina kiu.'"

"Mmh!" wakaguna Walezi.

"Nikamuuliza, una kiu ya nini, ewe mkubwa? Akanyoosha kidole kuelekea kibanda cha mishikaki. Akasema, 'Ya damu ya bwana harusi.'"

Mbah akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi, na vilikuwa vinatetemeka.

Mpaka hapo nilikuwa nimejaa kicheko. Kikakauka chote. Yule mzee alikuwa anamtazama bibi yangu anavyotetemeka, na huku anaongeza chumvi.

"Alikuwa na mkufu wa mafuvu," akaongeza, kumbe ndevu hazikutosha. "Kwa hiyo, Mbakyu, sina la kufanya. Inaniuma. Ikae kwangu, niitulize."

Nikanyoosha mkono kama darasani. "Ki, tunaomba tumuage. Tuoneshe mara ya mwisho."

"Ni haki yao," akasema Pak Darsana.

Ki hakuwa na wasiwasi. Alifungua kamba kwa mbwembwe, akaitoa ala bila hata kuiangalia kwa sababu alikuwa anaangalia watu, akashika mpini, akavuta kwa madaha, akainua juu.

Spoku tatu zikachanua kama masharubu ya paka.

Kipande cha mafuta kikamdondokea begani.

Ki alizitazama spoku. Akaitazama ala iliyoliwa na mchwa. Kisha akanitazama mimi.

Alijua. Si mjinga, hilo nampa.

Akafungua mdomo, nami nikajiandaa. Akisema tu "hii siyo," nilikuwa na swali langu tayari ulimini: basi yule mwenye ndevu alikuwa nani?

Hakusema. Aliokolewa.

"Trisula!" akapiga kelele Daktari Prayit. "Silaha ya ncha tatu! Amegeuka! Amegeuka mbele ya macho yetu!"

Na hapo ndipo alipopiga magoti.

Mwingine akadakia, "Tazameni ala! Imezeeka kwa usiku mmoja!"

"Na harufu," akasema Daktari, machozi yakimtiririka. "Mnaipata hiyo harufu?"

"Ya mbuzi," akasema Mas Jatmika.

"Ya mbuzi wa kafara," Daktari akamsahihisha.

Nilikuwa nimekuja kumwaibisha tapeli mmoja. Sikujua kwamba tapeli ndiye aliyekuwa mwenye akili kuliko wote mle ndani.

Nilimwona Ki akipiga hesabu. Jasho lilimtoka mara moja tu, likakauka.

"Naam," akasema taratibu. "Sikutaka kuwaambia kabla ya wakati wake."



Ndipo Mbah alipoachia mkono wangu, akasimama, akasogea mbele. Alizitazama zile spoku kwa karibu. Spoku hizo amezishika tangu baba yangu hajazaliwa, anazijua moja moja. Akageuka akanitazama mimi, kidogo tu. Akamgeukia Ki, na vidole havikutetemeka tena.

"Kwa hiyo, Ki, Kyai Rangsang hayupo tena?"

"Hayupo, Mbakyu. Amebaki huyu."

"Kabisa?"

"Kabisa."

"Na ule moto wake?"

Ki akasita. Walezi wote walikuwa wanamsikiliza, vinywa wazi. "Umekwenda naye."

"Yaani nyumbani kwangu hakuna tena keris ya moto?"

"Hakuna."

"Unasema mbele ya watu wote hawa?"

"Nasema."

Mbah akamgeukia Pak Darsana. "Umesikia, mkwe wangu?"

"Nimesikia, Mbah. Harusi iendelee."

"Basi hicho kikae kwako, Ki," Mbah akasema. "Utaniletea sukari na majani ya chai, kama unavyowapelekea wenzangu."

Njiani Mbah alitembea mbele. Mimi nilikuwa nahesabu adhabu zinazonisubiri, nikianza na vyombo.

"Gandes."

"Naam, Mbah."

"Zile spoku hukuziosha."

"Nisamehe, Mbah."

Tukatembea kidogo.

"Yuko wapi?"

"Sandukuni mwangu. Chini ya sare."

"Sare safi?"

"Safi, Mbah."

"Haya."

Harusi ikafanyika siku ile ile iliyoandikwa kwenye kadi. Ki Sumbogo, kwa kuwa sasa ni mtu ambaye vyuma vinageuka mikononi mwake, aliwekwa kiti cha mbele, kati ya Pak Darsana na Daktari Prayit. Alikuwa anapokea salamu kwa kidole kimoja.

Ngoma za shaba zikalia. Mas Jatmika akaingia, amesimama wima kama mti, na mgongoni mwake, kwenye mshipi, ndani ya ala yake yenyewe inayong'aa, na mpini wake mweusi uliolainishwa na viganja vya mababu, alikuwa Kyai Rangsang.

Ki aliinuka nusu kwenye kiti. Shingo ikamtoka kama ya kobe.

Angeijua keris ile hata kwa kuipapasa gizani. Ameiota, kwa ndoto za kweli hizo, miaka yote.

Pak Darsana akaona. Akaingiwa na wasiwasi. "Ki, vipi? Ile keris iko salama?"

Mbah alikuwa amekaa nyuma yao. "Hiyo ya kukodi, mkwe wangu," akasema, mkavu kabisa. "Imekuja na nguo."

Daktari Prayit akakunja macho, akakagua kutoka mbali, kitaalamu. "Ya kukodi, hilo halifichiki. Oneni mpini, kazi ya mashine. Ala ni mbao za maboksi. Ndani humo ni bati tupu."

"Ni bati, Ki?" akauliza Pak Darsana.

Safu nzima ya mbele ikageuka kumsikiliza. Nyuma yao Walezi wote, na majaketi yao, na masikio yao.

Ki Sumbogo alimtazama Mbah. Mbah akamtazama yeye, kwa upole, kama anavyomtazama mteja anayechelewa kuchagua nyama. Mzee alikuwa na maneno kooni, niliyaona yakipanda na kushuka. Kila neno lililokuwa la kweli lingemvua kofia, na cheo, na makabati yote nyumbani.

"Bati," akasema.

"Kwa sauti, Ki," nikaomba kwa adabu. "Wazee wa nyuma hawasikii."

"Bati!"

"Nilisema mimi," akasema Daktari wa meno.

Mas Jatmika akaketi, akaoa. Palupi alipomnyooshea mkono, ule mpini mweusi ulichungulia begani kwa bwana harusi, na nakuapia, ulikuwa unapendeza kuliko sisi sote.

Siku hizi zile spoku zimo ndani ya kabati la kioo kwa Ki, na Walezi huja kuzifukizia. Daktari Prayit ameahidi kutoa singe zake zote, abadilishane. Ki hawezi kukubali, kwa kuwa anaogopa zitachunguzwa. Hawezi kuzitupa, kwa kuwa watamuuliza. Mjane wa muuza betri juzi alimpelekea mfuko mwingine uliofungwa. Nasikia Ki aliufungua mlangoni pale pale, akachungulia, akamrudishia.

Sasa funzo, maana hadithi bila funzo ni umbea, na mimi nimelelewa vizuri.

Siku ya harusi nilimchunguza Ki kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kijana ambaye Ki alidai kumhurumia, kwamba damu yake inatafutwa, alipita mbele yake, akakaa, akasimama, akapeana naye mkono. Ki hakumtazama usoni hata mara moja. Macho yake yote yalikuwa mgongoni mwa kijana, penye keris.

Kwa hiyo mtu akikujia na sauti ya chini, akakuambia kwamba kitu chako kinakudhuru, usibishane naye na wala usianze kulia. Tazama tu macho yake yako wapi. Yako kwako, au yako kwenye kitu?